Kaye ya Fromaji za Madame, Juu ya Fizi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninuse. Nilifika nyumbani kwa Madame asubuhi na mapema, nimevaa gauni jipya alilonishonea mama, mkononi nina barua ya masera, watawa wa misioni ya Baraka, inayosema kwamba Feza amemaliza darasa la tano, anaandika vizuri na hachelewi. Nilidhani nitapewa kiti na meza. Madame aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akafungua mlango wa mbao uliokuwa nyuma ya jiko, akaniambia nishuke ngazi sita kisha nimwambie nasikia harufu gani.

Chini kulikuwa na giza na baridi. Nilivuta pumzi. "Udongo," nikasema. "Chumvi. Na kitu kama miguu ya muntu mwenye kuvaa viatu siku mingi."

Madame alicheka. Katika miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akicheka zaidi ya mara tatu. "Muzuri," akasema. "Siku utasikia harufu ingine, unakuya kuniambia mbio."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya fromaji, ambayo watu wa Pwani wanaiita jibini. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Mume wa Madame alikuwa na mashamba ya pamba huko chini bondeni, lakini nyumba yao ilikuwa juu ya Fizi, mahali penye upepo, na fromaji zilikuwa za Madame peke yake. Mama yake alikuwa akizitengeneza huko kwao, naye hakuweza kukaa bila hizo. Alizitengeneza jikoni mwake, kwa mikono yake, kwa ajili ya meza yake na ya wageni wake.

Ninyi vijana mnaosoma haya pengine mnafikiri kazi kubwa ni kuzitengeneza. Hapana. Kutengeneza ni asubuhi moja. Maziwa yanachujwa kwa kitambaa, yanatiwa joto hadi kidole kisione tofauti kati yake na mwili, yanatiwa dawa ya kugandisha itokayo tumboni mwa ndama. Yakiganda yanakatwa kwa kisu hadi yawe madogo kama punje za mahindi, maji yake yanatolewa, yaliyobaki yanawekwa katika kalibu ya mbao ya mviringo na kukandamizwa kwa mawe. Kesho yake fromaji inalala ndani ya maji ya chumvi. Kesho kutwa inashuka kwenye kave, yaani kile chumba cha ngazi sita kilichochimbwa nusu ardhini, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Fromaji kubwa ilikaa humo miezi mitatu, na kila siku ya miezi hiyo ilikuwa na haki yake.

Wiki mbili za kwanza inageuzwa kila siku, kwa sababu unyevu unashuka, na upande wa chini ukikaa na maji unashikana na ubao na kuanza kuoza. Hadi siku ya arobaini inageuzwa siku moja na kupumzika siku moja, na mara mbili kwa wiki inasuguliwa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ili ganda liwe gumu. Baada ya hapo ni mara mbili kwa wiki tu, kwa brashi, kuondoa ukungu. Tulianza daima na zile changa na kumaliza na zile nzee, wala hatukurudi nyuma, maana ukungu wa zile nzee ungezivamia changa. Mbao zilioshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila zilipoachwa wazi. Fromaji iliyougua ilitengwa, nayo ilikuwa na kitambaa chake peke yake.

Yote hayo yaliandikwa katika kaye. Ilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu la rangi ya kijani. Kila fromaji ilikuwa na mstari wake: namba yake, siku iliyozaliwa, maziwa ya kwa nani, halafu visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku. Nikigeuza, naandika G. Nikisugua kwa chumvi, naandika C. Siku ile ya kwanza Madame aliweka kidole juu ya ukurasa mweupe akaniambia maneno niliyoyarudia baadaye kwa kila niliyemfundisha: "Huku ndani hakuna 'nafikiri.' Iko 'niliandika' na 'sikuandika.' Basi."

Nilipenda kazi ile. Nasema wazi, kwa sababu watu hudhani msichana aliyefanya kazi kwa wazungu wakati ule alikuwa akihesabu saa za kurudi nyumbani. Mimi nilipenda kushuka ngazi zile na kuziona fromaji zimekaa kwenye rafu zao kama watu kanisani, changa nyeupe mbele, nzee za kahawia nyuma. Niliweza kufumba macho na kuijua fromaji ya siku ishirini na ile ya siku sitini kwa kuigonga kidogo na kidole.

Nilipenda pia asubuhi, kwa sababu asubuhi alikuja Nyamwiza.

Alikuwa ameolewa kwa watu wa ng'ombe, wafugaji wa milimani. Kwao hasa kulikuwa Bibokoboko, lakini kundi lao lilikuwa na kambi ya malisho mwendo wa saa moja juu ya nyumba ya Madame, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa mengi na mazuri kuliko ya wengine. Alikuwa akiyaleta pamoja na shemeji yake, yeye akiwa na chombo cha mti kichwani, amenyooka, hashiki kwa mkono. Umri wetu ulikuwa sawa. Wiki ya kwanza tuligombana. Madame hakutaka maziwa yenye harufu ya moshi, na watu wa juu huvifukizia vyombo vyao kwa majani ya harufu nzuri kila wanapoviosha. Nilipompelekea ujumbe huo Nyamwiza alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Chombo bila moshi ni ya muntu muvivu," akasema. "Banamuke wenzangu batanicheka."

Nikamwomba atenge viwili tu, vya Madame, niwe namwoshea mimi hapa kwetu kila asubuhi kabla hajarudi navyo. Alifikiri, kisha akasema, "Basi uvivu utakuwa wako." Toka siku hiyo tukawa tunakaa pamoja kwenye jiwe nyuma ya jiko, maziwa yakichujwa. Mimi nilimwonyesha kaye. Yeye hakujua kusoma, lakini alijua siku ya kuzaliwa ya kila ndama bila karatasi: huyu ni kesho yake ya ile mvua ya mawe, yule ni siku mama mkwe alipoanguka mtoni. Alinijaribu kwa fromaji, nikamjaribu kwa ndama. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea.

Mwaka wa tatu Nyamwiza alipata mimba, akapanda Bibokoboko kuzaa, na shemeji yake akawa anakuja peke yake. Ilikuwa kiangazi. Wafugaji wengine walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali, kwa hiyo fromaji zote za wiki zile, saba, zilikuwa za maziwa ya kwa Nyamwiza. Wakati huohuo Bwana aliumwa meno, Madame akafuatana naye Usumbura kwa daktari. Kabla ya kupanda gari aliniita. "Saba ni batoto kabisa," akasema. "Kila siku, Feza." Nikajibu, "Ndiyo, Madame."

Siku ya nne baada ya wao kuondoka shemeji alileta habari: mtoto amezaliwa, msichana, kesho kutwa atapewa jina, na Nyamwiza amesema asipomwona Feza hatakula.

Ningeweza kumwambia mpishi, mzee Alimasi, anigeuzie. Alikuwa mtu mwema. Lakini angeuliza ninakwenda wapi, na Madame akirudi angesema, maana hakujua kuficha. Nikaona ni siku tatu tu: moja ya kwenda, moja ya kukaa, moja ya kurudi. Nikafunga mlango wa kave, nikamwambia Alimasi kwamba mama yangu anaumwa, nikapanda.

Sitaeleza furaha ya siku ile. Nilimbeba mtoto. Nilikunywa maziwa hadi nikashindwa kuinama. Nyamwiza alikuwa amelala upande, amechoka, anang'aa, akawa anawaambia wanawake wa kwao kwamba huyu ndiye yule anayeandika umri wa maziwa. Walicheka sana. Nilirudi mbio kwenye mteremko kama mtoto wa shule.

Nilipofungua kave zile saba zilikuwa zimeshikana na mbao. Ilibidi nizibandue kwa kisu, na chini zilikuwa na majimaji na rangi ya manjano mbaya. Nilizipangusa kwa chumvi, zote kwa kitambaa kimoja, kwa haraka na kwa hofu, nikazilaza kwenye mbao kavu. Kisha nikafungua kaye. Kila mstari ulikuwa na visanduku vitatu vitupu. Nikaandika G, G, G, mara saba. Wino ukakauka mara moja.

Madame alirudi, akasoma kaye, akasema asante. Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Lakini maganda yalikauka, rangi ikarudi, nikaanza kuamini kwamba yamepita.

Baada ya miezi miwili, Nyamwiza akiwa amekwisha kurudi kambini na mtoto na kuanza tena kuleta maziwa, alikuja mgeni, Bwana Agronomo, mzungu wa serikali aliyesimamia mashamba na mifugo ya sehemu ile. Madame akataka kumpa fromaji kabla ya kufikia umri wake, akaagiza nilete moja ya zile saba. Alipoikata, kisu kiliingia kwenye kitu laini. Katikati ilikuwa ya kahawia, inanuka uchachu. Akaagiza ya pili. Ya tatu. Zote saba zilikuwa hivyo.

Bwana Agronomo hakukasirika. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliomba kaye, akaiweka kwenye meza ya barza, akafuata mistari kwa kalamu, kisanduku kwa kisanduku, mimi nimesimama pale.

"Kazi ya huyu musichana ni safi," akamwambia Madame kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie nisifiwe. "Hakuna siku moja yenye kukosa. Basi kosa haiko huku. Maziwa zote saba ni za boma moja. Kosa iko mu ngombe."

Akatoa amri siku hiyohiyo. Maziwa ya watu wale yasipokelewe tena. Ng'ombe wao wasishuke bondeni wala wasivuke barabara hadi daktari wa wanyama afike kutoka Uvira kuwapima. Nami nilijua, kwa sababu Nyamwiza alinieleza kwenye lile jiwe letu, kwamba wakati wa kiangazi vijito vya juu hukauka na maji yao ni ya bondeni peke yake.

Nilinyamaza siku tisa. Naandika hesabu hiyo kwa sababu nataka ijulikane. Siku tisa niligeuza fromaji, nikaandika G na C kwa mkono uleule, na kila asubuhi jiwe la nyuma ya jiko lilikuwa tupu. Siku ya tisa Alimasi alirudi sokoni akisema kwamba huko juu ndama wameanza kufa kwa kiu.

Madame alikuwa barzani akishona vitambaa vya kuchujia. Nikasimama mbele yake.

"Madame, mu zile fromaji saba, G tatu za siku ulikuwa Usumbura ni za uongo. Sikugeuza. Sikukuwa hapa."

Aliendelea kushona hadi mwisho wa uzi. "Ulikuwa wapi?"

"Bibokoboko. Kwa Nyamwiza, kuona mutoto."

"Kwa mwenye maziwa."

"Ndiyo, Madame."

Akakata uzi kwa meno. Aliponitazama sikuona hasira, niliona uchovu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kugeuza, hata mupishi anaweza," akasema. "Wewe nilikuweka huku juu ya kaye. Sasa kaye ya miaka tatu, niamini G gani?"

Aliandika barua mbili palepale: moja kwa Bwana Agronomo, kwamba ng'ombe hawana kosa na amri iondolewe, nyingine kwa masera wa Baraka. Ile ya pili alinipa mkononi, akaniambia nishuke nayo kesho yake, kwake nimemaliza. Miaka mingi baadaye Masera Mkubwa alinionyesha ilivyosema: "Anajua fromaji kuliko mimi. Alinidanganya mara moja, akaja mwenyewe kuniambia."

Kesho yake sikushuka Baraka. Nilipanda kwanza.

Kambini niliwakuta wanafunga mizigo. Mjumbe wa Bwana Agronomo alikuwa amekwisha kufika alfajiri kusema amri imeondolewa, lakini wazee wao walisema hawatakaa tena mahali ambapo karatasi inaweza kuwafungia maji. Wanakwenda mbali, upande wa Minembwe. Ndama watatu walikuwa wamekufa. Nyamwiza alikuwa na mtoto mgongoni, anakunja mikeka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ni juu ya wewe kukuya kwangu," akasema.

"Ni juu ya kuandika uongo. Si juu yako."

"Ungeniambia hauwezi kukuya, ningekasirika siku moja. Ya pili ningekutumia maziwa." Akakunja mkeka mwingine. "Ndama wa ile mvua ya mawe amekufa, Feza. Ule wa mu kaye yangu."

Nikalia. Yeye hakulia. Alifungua mzigo mmoja uliokuwa umekwisha kufungwa, akatoa chombo, akanimiminia maziwa ya asubuhi ile, yenye moshi, akangoja hadi nikamaliza. Kisha akakiosha, akakirudisha mzigoni, akafunga tena. Walipoanza kupanda nilisimama pale hadi nikaacha kuona rangi ya nguo yake.

Baraka nilianza upya chini ya Masera Ekonoma, aliyeshika stoo na jikoni za misioni. Alikuwa na ng'ombe wachache na alitaka fromaji kwa ajili ya wagonjwa na wageni. Huko nilijifunza kwamba yote niliyoyajua yalikuwa ya baridi. Kando ya ziwa fromaji ilitoka jasho la mafuta, na ukungu uliotaka wiki mbili kule juu ulikuja kwa siku tatu. Tulichimba chumba upande wa kivuli, tukatundika magunia yaliyoloweshwa kwenye madirisha, tukaacha zile za miezi mitatu na kutengeneza ndogo za wiki tatu. Nilizigeuza asubuhi na jioni. Ratiba yote niliipanga upya, na Masera Ekonoma alinipa kaye mpya.

Katika kaye ile kulikuwa na neno ambalo kwa Madame halikuwepo. Nikishikwa na malaria, au nikienda kumzika shangazi huko Makobola, kisanduku sikukiacha kitupu wala sikukijaza G. Niliandika: sikugeuza.

"Feza," Masera Ekonoma aliniuliza siku moja, "juu ya nini unajisemea mabaya wewe mwenyewe? Hakuna mwenye kuuliza."

"Masera, kama mimi sisemi, watatafuta mwingine wa kumusema."



Kila walipokuja watu wa juu sokoni na siagi yao niliwauliza habari za Nyamwiza. Wengine walisema wako Minembwe, wengine walisema wamepita mbele zaidi. Nilituma salamu, sijui kama zilifika. Mwisho wa miaka ile masera walibaki na ng'ombe wawili, kisha mmoja, kisha kazi ya fromaji ikafa yenyewe bila mtu kuamuru. Nikahamishiwa kwenye rejista za materenite, kuandika watoto waliozaliwa, na huko nilibaki hadi nilipostaafu. Madame na Bwana waliondoka nchini. Nyumba yao nilipita karibu nayo mara moja. Ngazi sita zilikuwa zimefukiwa na udongo.

Mnaniuliza ninatamani nini katika miaka ile, na baadhi yenu hamfurahi nikisema natamani. Najua ilikuwa miaka ya kuamriwa. Nilisimama kwenye barza ile nikaona jinsi mtu mmoja mwenye kalamu anavyofunga maji ya watu, na kalamu aliyoitegemea ilikuwa yangu. Hilo sijalisahau. Lakini natamani ile baridi ya asubuhi, mikono yangu ikiwa na chumvi, na mtu wa umri wangu anashuka mlimani, hashiki chombo kwa mkono. Baadaye ilikuja miaka ambayo njia ya juu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na watu wa chini na wa juu wakaanza kutazamana kwa macho mengine. Vijana wa siku hizi hawaamini nikiwaambia nilikwenda Bibokoboko peke yangu, mbio, kumbeba mtoto.

Siku hizi, njia ikiwa wazi, pikipiki zinashuka kutoka Minembwe na fromaji ndani ya ndoo. Wanazitengeneza wenyewe. Juzi msichana mmoja alisimama mbele ya nyumba yangu kuomba maji ya kunywa. Nilimpa maji, akanikatia kipande. Ilikuwa ya siku thelathini na kitu, nilimwambia hivyo, akashangaa. Ndipo nikamuuliza kama anamjua mama mmoja anaitwa Nyamwiza.

"Mama, ba Nyamwiza iko wengi," akasema kwa heshima. "Wako ni wa nani? Muke wa nani?"

Nilifungua mdomo, nikakuta sijui. Kwao mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wala la mume wake. Nyamwiza hakuwahi kuyataja, nami sikumwuliza mtu mwingine. Katika kaye, kwenye safu ya maziwa ya kwa nani, miaka mitatu niliandika jina lake peke yake, nikaona linatosha.

"Nikimupata mwenye kufanana," msichana akauliza, "nimwambie nani anamutafuta?"

Nikamtajia jina langu, jina la baba yangu, jina la babu yangu, jina la mume wangu marehemu na mtaa ninaokaa, nikamfanya arudie yote mara mbili kabla hajapanda pikipiki.